Edwin Land: Bwana Aliyeondoa Subira Katika Picha

Zamani picha ilikuwa kitu cha kungojewa. Sikukuu ya Idi ikiwadia, mtu alivaa kanzu yake iliyopigwa pasi, akawashika watoto mkono, akaenda nao studio. Huko walipangwa mbele ya pazia lililochorwa, wakaambiwa wasitikisike, taa ikawaka, kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu. Filamu ilikuwa haijaisha. Ikiisha, ilikuwa haijasafishwa. Ikisafishwa, ilikuwa haijachapishwa. Na hata picha ilipotoka, negativu ilibaki kabatini mwa mwenye studio. Alhasili, sura ya mtu ilikaa mikononi mwa mwingine siku nyingi kabla ya mwenyewe kuitia machoni.

Aliyeikata ngoja hiyo alikuwa Mmarekani mmoja kwa jina Edwin Herbert Land, mwanzilishi wa kampuni ya Polaroid. Ndiye aliyebuni kamera ya kutoa picha papo hapo, mpigwaji akaondoka na sura yake mkononi. Bwana huyu alipofariki mwaka wa 1991 alikuwa amejipatia hataza 535, yaani hati za serikali za kumlinda mvumbuzi asiibiwe kazi yake. Ni Wamarekani wachache mno waliompita kwa hesabu hiyo. Siku hizi, ambapo simu ya mkononi hupiga picha mia kabla chai haijapoa, kamera zake za zamani zasakwa na vijana na wazee wapendao vyombo vya kale.

Maisha yake yana mafunzo mawili. La kwanza ni la ujuzi na bidii. La pili ni zito zaidi, nalo latokana na yale yaliyofanywa kwa kamera yake hapa barani Afrika.

KITABU CHINI YA MTO

Land alizaliwa tarehe 7 Mei 1909 katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut. Jamaa zake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka dola ya Urusi ya wakati ule, na baba yake alifanya biashara ya vyuma chakavu. Tangu udogo kijana huyu alishikwa na mapenzi ya elimu ya nuru. Kulikuwa na kitabu cha elimu hiyo, kilichoandikwa na mwanachuoni Robert Wood, ambacho yasemekana alikisoma usiku na kulala nacho chini ya mto.

Elimu ya nuru si ngeni kwetu. Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra mnamo mwaka wa 965, aliandika huko Cairo kitabu chake kikubwa kiitwacho Kitab al-Manadhir. Alieleza humo kwamba jicho huona kwa nuru inayolijia kutoka kwenye kitu, kinyume cha waliodhani kuwa jicho ndilo linalotoa nuru. Aidha aliichunguza nuru ipitapo katika tundu dogo na kuingia chumba cha giza. Kitabu hicho kikafasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Neno kamera lenyewe asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Basi Land alikuwa mwanafunzi wa mwisho wa mlolongo mrefu, na wa mwanzoni mwao walivaa vilemba.

Mwaka wa 1926 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, lakini hakukaa ila miezi michache. Alihamia New York, akawa mchana anashinda katika maktaba kuu ya mji, na usiku ajipenyeza katika maabara ya Chuo Kikuu cha Columbia kufanya majaribio yake. Baadaye alirudi Harvard, akaondoka tena bila shahada. Chuo hicho kilikuja kumpa shahada ya heshima mwaka wa 1957, wakati ambapo dunia nzima ilikwisha kumjua.

Alichokuwa akikitafuta ni hiki. Nuru husafiri kwa mawimbi yanayotikisika pande zote. Kuna aina za fuwele ambazo hupitisha wimbi la upande mmoja tu na kuzuia mengine, mfano wa ua wa fito zilizosimama: ubao ukiusimamisha utapita katikati ya fito, ukiulaza hautapita. Chombo cha namna hiyo huondoa mng'ao mkali wa juani. Nahodha aliyekodolea macho bahari saa sita mchana ajua thamani yake. Taabu ilikuwa kwamba fuwele hizo zilikuwa adimu, ghali na ndogo.

Mwingereza William Herapath alikuwa amezieleza fuwele za aina hiyo mwaka wa 1852. Zilionekana kwa bahati, iodini ilipotiwa katika mkojo wa mbwa aliyekuwa akilishwa kwinini. Naam, kwinini hiihii tuliyonyweshwa kwa homa ya malaria. Wataalamu walihangaika miaka mingi wakitaka kuikuza fuwele moja iwe kubwa. Land aliligeuza jambo. Alizisaga fuwele zikawa ndogo mno, kwa mamilioni, akazipanga zote zielekee upande mmoja ndani ya karatasi ya plastiki. Mwaka wa 1929, akiwa na umri wa miaka 19, aliomba hataza ya uvumbuzi huo.

Mwaka wa 1932 alishirikiana na mwalimu wake wa Harvard, George Wheelwright, wakafungua maabara yao, na mwaka wa 1937 ikazaliwa kampuni ya Polaroid. Walitengeneza miwani ya jua na vichujio vya kamera. Tamaa yake kubwa ilikuwa kuzivika taa za magari karatasi hiyo ili madereva wasipofuliwe usiku, lakini wenye viwanda vya magari hawakukubali. Vita vya pili vya dunia vilipozuka, kampuni iliingia kazi za jeshi.

SWALI LA MTOTO

Mnamo Desemba 1943 Land alikuwa mapumzikoni na jamaa zake mjini Santa Fe, jimbo la New Mexico. Alimpiga picha binti yake wa miaka mitatu, na mtoto akamwuliza kwa nini haiwezekani aione picha ile palepale. Watu wazima wengi wangemjibu kwamba ndivyo mambo yalivyo. Land alitoka kutembea peke yake mjini, akilitafakari swali lile, na katika muda wa saa moja hivi akawa amekwisha kuipanga kichwani namna ya kamera, ya filamu na ya dawa yake.

Kuipanga kichwani ni jambo moja, kuitenda ni jingine. Ilimchukua yeye na wenzake miaka zaidi ya mitatu. Alichofanya ni kukichukua chumba cha giza chote, na mabeseni yake ya dawa, akakiingiza ndani ya karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ilikuwa negativu. Ya pili ilikuwa ya kupokea picha. Baina yao palikuwa na kifuko kidogo cha dawa nzito mithili ya uji. Mpigaji alipozivuta karatasi hizo, zilipita kati ya vibiringishio viwili vya chuma vilivyokipasua kifuko na kuitandaza dawa sawasawa. Ile fedha ambayo haikuguswa na nuru ilihama kutoka negativu hadi karatasi ya pili, ikajenga sura. Baada ya dakika moja karatasi zilibanduliwa, na picha ikawa tayari.

Tarehe 21 Februari 1947 aliionyesha kazi hiyo mbele ya wataalamu wa nuru mjini New York. Alijipiga picha mwenyewe, akangoja dakika yake, akaibandua karatasi, na sura yake ikatokea mbele ya macho ya watu. Tarehe 26 Novemba 1948 kamera ya kwanza, iliyoitwa Model 95, ilianza kuuzwa katika duka la Jordan Marsh mjini Boston, kwa dola 89 na senti 75. Shehena waliyoiweka kwa mategemeo ya kuuza siku nyingi ilikwisha siku hiyohiyo.

Hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Picha za kwanza zilikuwa za rangi ya kahawia. Zilipotoka za nyeupe na nyeusi mwaka wa 1950, watu waliona sura za wapendwa wao zikififia baada ya miezi. Kampuni ilibidi kumpa kila mnunuzi kijiti chenye dawa cha kupaka juu ya picha ili idumu. Katika kazi hizo Land alikuwa na wasaidizi hodari. Miongoni mwao alikuwa Bi. Meroë Morse, aliyesomea historia ya sanaa na bado akaongoza uchunguzi wa filamu ya nyeupe na nyeusi hadi alipofariki mwaka wa 1969. Filamu ya rangi ilitoka mwaka wa 1963 baada ya miaka mingi ya kazi ya mtaalamu Howard Rogers.

Kilele kilifika mwaka wa 1972 ilipotoka kamera ya SX-70. Hii ilikunjwa ikawa bapa kama kitabu kinene, ikatiwa mfukoni mwa koti. Hapakuwa na kubandua wala kupaka dawa. Ulibonyeza, mota ndogo ikanguruma, karatasi ikatoka nyeupe, na sura ikajitokeza polepole mwangani kama mtu anayekujia kutoka kwenye ukungu. Utando wa dawa ndani ya karatasi uliikinga picha na nuru mpaka ikomae, kisha utando huo ukawa angavu wenyewe. Hata betri iliwekwa ndani ya pakiti ya filamu, hivyo kila pakiti mpya ikaja na nguvu mpya.

KIPANDE CHA AFRIKA KUSINI

Sasa tuje kwenye lile funzo la pili.

Kampuni ya Polaroid ilijivunia kuwa ya watu waungwana. Land aliamini kwamba mfanyakazi astahili kazi yenye heshima na ya kumkuza akili, na mwaka wa 1968 kampuni ilifungua kiwanda cha mafunzo Roxbury, mtaa wa weusi mjini Boston. Lakini kampuni hiyohiyo ilitengeneza mtambo ulioitwa ID-2, wa kutolea picha za vitambulisho. Ulitoa picha mbili kwa mpigo, katika dakika chache, mahali popote, bila studio.

Nchini Afrika Kusini, sheria ya mwaka wa 1952 ilimlazimisha kila Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba kitabu cha pasi. Ajabu ni kwamba sheria yenyewe ilipewa jina la kufuta pasi. Kitabu hicho kilikuwa na picha, jina, kazi na ruhusa ya mahali pa kukaa. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakipinga pasi huko Sharpeville, wakafa 69. Na picha za vitabu hivyo, nyingine zilipigwa kwa mitambo na filamu za Polaroid. Picha moja ilibandikwa kitabuni. Ya pili ilikwenda kwenye majalada ya serikali.

Hapa Kenya hatuhitaji kufafanuliwa sana. Wazee wetu walikijua kipande. Tangu mwaka wa 1920, chini ya serikali ya kikoloni, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, imetiwa ndani ya kikopo cha bati na kutundikwa shingoni. Neno hilo limetuganda ulimini, hata leo mtu huitwa kuonyesha kipande chake. Basi fikiri, msomaji, kile kikopo kimepewa jicho.

Mwaka wa 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid, mwanakemia Bi. Caroline Hunter na mpigapicha Bw. Ken Williams, walikuta kazini kielelezo cha kitambulisho cha idara ya migodi ya Afrika Kusini. Wakatambua kazi ya mikono yao inakwenda wapi. Waliunda chama cha wafanyakazi wa kuipinga kampuni, wakaandamana, wakataka ivunje kila uhusiano na serikali ya ubaguzi, na wakaiomba dunia isinunue bidhaa zake.

Kampuni ilituma ujumbe wa wafanyakazi wake wanne, weusi wawili na weupe wawili, ukaone mambo kwa macho. Mnamo Januari 1971 ilitangaza kwamba haitaiuzia tena serikali ya Afrika Kusini, ila itaendelea kufanya biashara nchini humo kupitia wakala wake, na mishahara ya weusi katika duka la wakala itaongezwa. Bi. Hunter aliachishwa kazi mwaka huohuo. Miaka sita ikapita. Mnamo Novemba 1977 gazeti la Boston Globe lilifichua kwamba wakala yule alikuwa akiiuzia serikali kwa siri. Hapo ndipo Polaroid ilipokata biashara yake na Afrika Kusini. Sheria za pasi zenyewe zilifutwa mwaka wa 1986.

Tumhukumuje Land? Hakuitunga sheria ya pasi wala hakuiomba itungwe. Lakini chombo kilikuwa chake, kampuni ilikuwa chini yake, na neno la kusimamisha lilikuwa ulimini mwake. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Wafanyakazi wawili wasiokuwa na hisa wala cheo waliliona jambo na kulipia gharama yake. Yeye mwenye akili ya kulitatua swali la mtoto kwa saa moja alihitaji miaka saba kulitatua swali la Bi. Hunter.

Tena si kwamba hakuijua nguvu ya kamera mikononi mwa dola. Mwaka wa 1954 alikuwa miongoni mwa washauri waliomshawishi Rais Eisenhower kutengeneza ndege ya ujasusi ya U-2, iliyopiga picha za nchi nyingine kutoka juu kabisa angani. Alijua vyema kwamba picha yaweza kuwa zawadi, na yaweza kuwa ushahidi dhidi ya mtu. Kamera ya SX-70 ilitoa picha moja tu isiyo na negativu, na kwa kawaida ikaenda kwa yule aliyependwa. Mtambo wa ID-2 ulitoa mbili, na ile ya pili mwenyewe hakuimiliki kamwe.

MWISHO WAKE

Miaka ya mwisho haikuwa mitamu. Mwaka wa 1976 kampuni ya Kodak, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiitengenezea Polaroid negativu zake, ilitoa kamera yake ya papo hapo, nayo Polaroid ikaishtaki. Mwaka wa 1977 Land alitoa mtambo wa sinema za papo hapo, Polavision. Ulikuwa ghali, hauna sauti, na kila kaseti ilikwenda dakika mbili na nusu tu, ilhali kanda za video zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni. Ulipata hasara kubwa. Mwaka wa 1980 Land aliacha uongozi, na mwaka wa 1982 akaondoka kabisa katika kampuni aliyoizaa. Kesi ya Kodak aliishinda mahakamani mwaka wa 1985, na Kodak ikaondoka katika biashara hiyo Januari 1986. Mwaka wa 1991 Kodak ililipa dola milioni 925.

Tarehe 1 Machi mwaka huohuo, Land alifariki katika mji wa Cambridge, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 81. Baada ya kifo chake karatasi zake za binafsi ziliharibiwa. Huyu aliyeziwezesha sura za watu kubaki, hakutaka siri zake zibaki.

La kuvunda halina ubani. Kamera za tarakimu zilipoenea, Polaroid ilifilisika mwaka wa 2001, na mwaka wa 2008 ikatangaza kuacha kutengeneza filamu. Lakini wapenzi wachache walikinunua kilichosalia cha kiwanda cha mwisho, huko Enschede, Uholanzi. Dawa nyingi za asili zilikuwa hazipatikani tena, wakalazimika kuivumbua filamu upya, na mwaka wa 2010 wakaitoa. Leo kiwanda hicho chafanya kazi tena kwa jina la Polaroid.

Basi ukikuta kamera ya SX-70 katika sanduku la marehemu mjomba wako, usiitupe. Kwa kuwa betri imo ndani ya pakiti ya filamu, kamera iliyolala miaka 40 yaweza kuamka ukiitia pakiti mpya, ambayo siku hizi ina picha nane badala ya kumi za zamani. Vibiringishio uvifute kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, kwani dawa iliyokauka huchafua picha. Filamu iweke ndani ya friji bila kuigandisha. Joto letu la pwani huipa picha rangi ya umanjano, kwa hiyo piga asubuhi au jioni, na picha ikitoka ifunike na jua mara moja. Model 95 ni ya kutazamwa kabatini tu, maana filamu yake ilikoma mwaka wa 1992. Kadhalika zile za Kodak.

Na utakapompiga mtu picha kwa kamera hiyo, mkabidhi picha yake.